Inchi 0.3 Zilizokosekana Kwenye .458

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi iliyolenga uwindaji wa Afrika: .458 Winchester Magnum. Hadi wakati huo, aliyetaka nguvu za kumwangusha tembo au nyati mara nyingi alitafuta bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili, kama ile ya .470, na bei yake iliwashinda wengi. Winchester iliahidi nguvu hizohizo kutoka kwenye Model 70, bunduki ya kiwandani ya mtutu mmoja. Kichwa cha greni 500, yaani gramu 32 na ushei, kingetoka kwa kasi ya futi 2,130 kwa sekunde.

Kilichokosekana ni nafasi. Ili risasi ienee katika bunduki ya urefu wa kawaida, wabunifu walichukua ganda la .375 Holland & Holland, lenye inchi 2.85, wakalifupisha hadi inchi 2.5. Kichwa cha greni 500 ni kirefu. Kikishakaa mahali pake, sehemu kubwa imezama ndani ya ganda na kuila nafasi ya baruti. Kiwanda kikaishindilia baruti kwa nguvu, kama lumbesa inayolazimishwa kuenea ndani ya gunia lililofungwa mdomo.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Baruti huwaka vizuri pale moto wa fataki unapopenya katikati ya chembe na kuziwasha karibu zote kwa pamoja. Chembe zilizoshindiliwa, tena zikakaa muda mrefu, hugandamana zikawa donge, na moto hulamba uso wa donge tu. Risasi moja inatoka na kasi yake kamili, ya pili inazembea, ya tatu inaacha baruti mbichi ndani ya mtutu. Mbele ya nyati, tofauti hiyo ni suala la uhai. Ndiyo maana sikubaliani na wanaopima usahihi kwa matundu matatu yaliyokaribiana kwenye shabaha, tena asubuhi yenye ubaridi. Usahihi wa bunduki ya mnyama hatari ni risasi ya leo kufanya kile ilichofanya ya mwaka jana.

Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959, akiwa na bunduki ya .458. Alipona, akarudi kwenye karakana. Mwaka 1971 alikuwa na jibu: ganda lilelile la .375, safari hii likiwa na inchi 2.8, na kichwa kilekile cha .458. Baruti ikapata pa kukaa, na greni 500 zikafika futi 2,300 bila kushindiliwa kupita kiasi. Uamuzi wake mwingine naupenda zaidi: kwa kuwa umbo ni moja, bunduki ya .458 Lott inaweza kufyatua risasi ya .458 ya kawaida mwindaji akiishiwa porini.

Wenye bunduki za zamani walifuata njia nyingine, ya kujaza maganda wenyewe. Walichagua baruti inayochukua nafasi ndogo, au wakashuka hadi kichwa cha greni 450, wakakubali kupoteza kasi kidogo. Huanza chini ya kipimo cha juu cha kitabu cha watengenezaji wa baruti, hupanda kidogokidogo, na kila risasi hupita kwenye kipima kasi. Wanachokitafuta ni kasi zinazofanana, hata kama si kubwa kuliko zote. Kisha mdomo wa ganda hubanwa imara, jambo ambalo wengi hulipuuza. Bunduki hizi zina teke kali, na risasi zinazosubiri kwenye magazini hugongwa kila mara. Kichwa kisichobanwa husogea ndani, nafasi ya baruti hupungua, na shinikizo hupanda ghafla. Kwa hiyo risasi ya mwisho kwenye magazini ipimwe urefu baada ya nyingine zote kufyatuliwa.

Lott ilibaki risasi ya mafundi na wajazaji kwa miaka mingi. Hornady ilianza kuiuza kutoka kiwandani mwaka 2002, ganda likiwa na inchi zake 2.8 zilezile.