Fungua Kinywa Kwanza

"Huyu hakui, mama. Atabaki hivi hivi." Ukisimama kwenye taa za barabarani Nairobi huku kioo cha gari kimeshushwa, utayasikia maneno hayo kabla hujamwona mbwa mwenyewe. Kisha utaletewa kijibwa kinachojaa kiganja, kimefungwa utepe shingoni, na bei ya kukutoa jasho. Mimi niliwahi kuyaamini. Nilinunua jike la Chihuahua "wa wiki nane", gramu 900, nikapiga hesabu yangu na kupata kilo 2.7, ambacho ndicho kikomo cha Chihuahua katika viwango vya chama cha AKC cha Marekani. Nikajiona mjanja. Leo ana kilo nne na nusu. Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye wiki.

Uzito usio na umri hauna maana. Wafugaji wa mbwa wadogo wana kanuni yao ya siku nyingi: uzito wa wiki 6 zidisha kwa 4, wa wiki 8 kwa 3, wa wiki 12 kwa 2. Ni makadirio tu, lakini kwa mbwa wasiofika kilo 5 hayaendi mbali na ukweli. Sasa zirudie zile gramu 900. Akiwa na wiki 12 utapata mbwa wa kilo 1.8, akiwa na 8, kilo 2.7, akiwa na 6, kilo 3.6. Mizani imesema neno moja, mbwa wametoka watatu. Na wapo wauzaji wanaojua vizuri kwamba mtoto aliyeondolewa kwa mama kabla ya kulikizwa ndiye anayewalegeza wanunuzi.

Kwa hiyo mfungue kinywa. Meno ya utotoni huanza kuchomoza wiki ya tatu au ya nne, chonge na ya mbele kwanza, ya pembeni yakifuata. Yote ni 28, na kwa kawaida huwa yametimia kufikia wiki ya nane. Pitisha kidole taratibu kwenye ufizi wa pembeni: ukikuta meno ya huko ndiyo kwanza yanatoboa, usikubali kuambiwa wiki kumi. Mbwa wadogo huchelewa kidogo kuota meno, basi mpe muuzaji nafasi ya wiki moja, asizidi hapo. Wangu, daktari wa mifugo alimtazama kinywa na macho, ambayo bado yalikuwa na ile rangi ya buluu ya uchanga, akacheka. Wiki tano.

Kuna uwongo wa upande wa pili pia, nao una faida kwa mnunuzi anayejua kutazama. Meno ya mbele ya utotoni ni membamba, makali kama sindano. Ukiona kati yake yameanza kuota mapana, mtoto huyo anakaribia miezi minne hata kama umeambiwa ni miwili. Muuzaji amempunguzia umri kwa sababu wateja hupenda wachanga, kumbe kwa mtafutaji wa mbwa mdogo habari hiyo ni njema: safari yake ya kukua imebaki fupi.

Ipo hesabu nyingine inayosambaa sana, ya kugawa uzito kwa wiki za umri kisha kuzidisha kwa 52. Iache. Inadhani mbwa hukua kwa mwendo mmoja mwaka mzima, ilhali mbwa mdogo hukimbia miezi minne ya mwanzo kisha hujikokota. Mtoto wa wiki 12 mwenye kilo 1.2 angefikishwa kilo 5.2 kwa hesabu hiyo. Kanuni ya wafugaji inasema 2.4. Anayetaka kitu kilichopimwa zaidi atafute chati za ukuaji za taasisi ya utafiti ya Waltham, zilizotolewa 2017, zinazomfuata mbwa tangu wiki ya 12 hadi miaka miwili, dume na jike kila mmoja na chati yake.

Kabla ya kuiamini mizani, shika tumbo. Likiwa limevimba kama ngoma na mbavu zinahesabika, unapima minyoo. Mpe dawa, mlishe, umpime tena baada ya wiki mbili. Habari za miguu mikubwa kuwa dalili ya mbwa mkubwa ziache kwa wafugaji wa mbwa wa ulinzi.

Ushahidi mzito kuliko wote ni wazazi. Omba kumwona mama kwa macho yako, si kwa picha ya simu, maana picha haina mizani. Mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba toleo moja la jeni ya IGF1 ina mkono mkubwa katika udogo wa mbwa wadogo, lakini jeni nyingine nyingi zinachangia. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja, hasa wa damu iliyochanganyika, wanaweza kupishana kimo. Kwa spitz wa Kijapani, anayependwa sana Nairobi, chukua rula badala ya mizani: kiwango cha FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, kinampa dume sentimita 30 hadi 38 mabegani. Anayekuahidi spitz wa kuingia kwenye mkoba anakuuzia mbwa mwingine, au mgonjwa.

Na hapa nitasema bila kuzunguka. "Mbwa wa kikombe" si aina ya mbwa, na hutaikuta daraja hiyo katika viwango vya FCI wala vya AKC. Wadogo kupita kiasi, sukari yao ya damu hushuka haraka wakikosa mlo, na magoti yao huteguka. Gusa utosi: kwa Chihuahua uwazi mdogo ni jambo la kawaida, ila ukiwa mpana, kichwa kimetuna na macho yanatazama nje, inawezekana kuna maji kichwani. Mimi humrudisha mtoto huyo mikononi mwa muuzaji, hata nikionekana nina roho mbaya.

Ukishampeleka nyumbani, mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, ndani ya beseni lile lile, kabla hajala. Utaona mstari ukipanda kwa kasi, ukilegea mwezi wa tano, ukilala kati ya mwezi wa nane na wa kumi na mbili. Ukiendelea kupanda baada ya hapo, si kukua tena. Chunguza ni nani anayemtupia chapati chini ya meza.