Kivuli kinapokutana na samadi

Tandaza neti ya kivuli juu ya tuta la mchicha, na baada ya siku chache utaona majani yamepanuka na mashina yamerefuka. Wengi huishia hapo na kusema kivuli kimefaa. Kausha majani hayo uyapime, utaona jambo jingine. Mmea uliopungukiwa mwanga hutanua jani ili unase ule mdogo uliopo, kwa hiyo jani huwa pana lakini jembamba, limejaa maji. Jaribio la kivuli lisilopima uzito mkavu naliona nusu jaribio.

Mchicha ni mmea wa jua. Usanisinuru wake ni wa kundi la C4, sawa na mahindi, mtama na muwa, na huendelea kunufaika na mwanga hata saa sita mchana. Sukuma wiki na saladi ni za kundi la C3: hufikia kikomo cha kutumia mwanga mapema, kisha joto la pwani huzinyausha. Hizo ndizo zinazostahili neti, tena nyepesi, ya kuzuia kama asilimia 30 ya mwanga. Chini ya neti, tuta nalo hukaa na unyevu kwa muda mrefu zaidi. Mchicha unatosheka na nyasi kavu juu ya kitalu, ziondolewe mara mbegu zinapochomoza.

Kwenye samadi, kinachosahaulika ni muda. Mchicha wa kung'oa hukaa shambani wiki 3 au 4 tu. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe na huiachia haraka, ila ikiwa mbichi amonia yake huunguza miche. Ikiwa imejaa maranda ya bandani, vijidudu vya udongo huichukua naitrojeni ili viozeshe mbao, na mchicha unageuka njano. Mkulima hulalamika kuwa samadi ni hafifu, kumbe mboga imeng'olewa kabla samadi haijaoza.

Sehemu inayonigusa zaidi ni pale mambo haya mawili yanapokutana. Mizizi hunyonya naitrojeni hasa ikiwa naitreti, na kimeng'enya kinachoanza kuigeuza kuelekea protini hutegemea mwanga. Samadi nyingi chini ya kivuli kizito hurundika naitreti kwenye jani tunalokula. Kwa saladi inayolimwa ndani ya kitalu nyumba, Umoja wa Ulaya huruhusu miligramu 4,000 za naitreti kwa kilo kuanzia Aprili hadi Septemba, lakini 5,000 kuanzia Oktoba hadi Machi, kwa kuwa mwanga wa majira ya baridi ni mchache. Kwetu jua lipo mwaka mzima, tusilizibe kisha tukaongeza samadi. Mboga ya kivulini ivunwe alasiri, baada ya jani kushinda kwenye mwanga, kuliko alfajiri.

Anayetaka kujaribu aweke kivuli kwenye vipande vikubwa vya shamba, na ndani ya kila kipande agawe viwango vya samadi, kwani neti haigawanyiki kwa matuta madogo madogo. Samadi ilinganishwe kwa naitrojeni iliyomo. Debe la samadi ya kuku si sawa na debe la samadi ya ng'ombe. Mistari ya pembeni isipimwe kabisa: jua la asubuhi na la jioni hupenya ubavuni chini ya neti, na mimea ya hapo haikukaa kivulini.