Wazimu wa Kwenye Picha na Mgonjwa wa Nyumbani



Picha ya Kihindi iitwayo Bhool Bhulaiyaa, iliyotoka mwaka 2007, si ngeni kwa nyumba za pwani. Wakubwa na watoto huiangalia pamoja, wakacheka, wakaogopa, kisha wakenda zao kulala. Twaona yafaa itazamwe tena, kwani inauliza jambo ambalo kwetu ni la nyumbani kabisa: mtu akibadilika sauti na mwenendo, ana pepo au ana maradhi?

Kwa aliyesahau kisa, bwana mmoja anarudi na mkewe, Avni, katika kasri la wazee wake huko Rajasthan. Mna chumba kilichofungwa, na husemwa kuwa ndani yake mna mzuka wa Manjulika, mcheza ngoma aliyedhulumiwa na mfalme zamani. Avni anakifungua, na mambo ya ajabu yanaanza. Anashukiwa Radha, msichana aliyetarajiwa kuolewa na yule bwana asiolewe. Ndipo anapokuja daktari wa maradhi ya akili, akabainisha kuwa Radha hana lolote, wala mzuka haupo. Mgonjwa ni Avni, mke mpendwa ambaye hakuna aliyemdhania.

Hapo picha hii imesema kweli, na tuipe haki yake. Tazama yafanyikayo kwetu. Kijana akianza kusema peke yake, asilale, asioge, suala la kwanza si “anaumwa na nini?” bali “nani kamfanyia?” Hutafutwa mke mwenza, wifi, au jirani aliyeonekana na ubani siku ya Ijumaa. Uhasama huingia kati ya jamaa kwa jamaa, na hudumu miaka baada ya mgonjwa mwenyewe kupata nafuu. Kina Radha ni wengi katika mitaa yetu, wala hawana daktari wa kuja kuwasafisha.

Lakini picha hiyo hiyo imeharibu ilichokijenga. Maradhi ya Avni yameonyeshwa kwa kuinua kitanda kwa mkono na kutaka kumwaga damu. Mwenye kuangalia akitoka hapo ataamini kuwa mgonjwa wa akili ni muuaji anayengoja saa yake, ilhali wengi wao ni watu waliojiinamia kimya, na wao ndio wapigwao mawe. Kisha tiba! Usiku mmoja, kwa mchezo uliopangwa, Avni anadanganywa kuwa amekwisha kumuua adui yake, na kwisha habari. Dawa za maradhi haya huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na wengine huhitaji kuzitumia kwa miaka. Mama aliyezoea uponyaji wa dakika tano za mwisho hungoja siku saba, akasema dawa za hospitali hazifai, akamtoa mwanawe.

Mwaka 2022 ikatoka Bhool Bhulaiyaa 2, na humo hata ule ukweli mmoja umetupwa. Mzuka sasa ni wa kweli, daktari hayupo, na mahali pake amewekwa kijana anayejisingizia kuwaona wafu. Hapana shaka mzuka huuza kuliko maradhi.

Atasema msomaji, “Je, mwakanusha majini?” Hatukanushi, yametajwa katika Qur'ani, na kumsomea mgonjwa ni jambo jema. Lakini Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Cairo mwaka 1284, wenye maradhi ya akili walitengewa mahali pao humo, wakatibiwa na matabibu. Waliofanya hayo walikuwa Waislamu wanaosoma Qur'ani hii hii. Hawakuona kuwa kuamini majini kwamzuia mtu kumpeleka ndugu yake kwa tabibu. Na sheria yetu haimwandikii dhambi aliyeondokewa na akili. Sisi twamwandikia aibu, tena aibu ya ukoo mzima, hata dada zake wakose wachumba.

Aibu hiyo televisheni huilisha kila jioni. Katika michezo ya kuchekesha, mwehu ni yule wa matambara na makopo shingoni, na akipita tu watu huanza kucheka kabla hajasema neno. Katika picha nyingi za Nigeria mwanamke mwovu humalizikia sokoni, nywele timtim, akiokota takataka, ili tujue kuwa Mungu amemlipa. Basi mtoto aliyelelewa na hayo amwonaye mgonjwa atamfikiria nini, ila kuwa ni kichekesho au ni mtu aliyelaaniwa? Ndiyo maana Mathari, Mirembe na Kidongo Chekundu, ambazo ni hospitali, zimekuwa matusi midomoni mwa watoto, na wazazi husikia wakanyamaza, au wakacheka nao. Na katika nyumba nyingine mgonjwa mwenyewe yumo chumba cha ndani, mlango umefungwa kwa nje, na kicheko cha sebuleni akikisikia.