Chai pale Tiffany

Hivi jina la Breakfast at Tiffany's tungelitafsirije? "Kifungua kinywa" ni neno la mabango ya hoteli. Hapa Dar mtu anakuuliza kama umekunywa chai, hata kama anamaanisha maandazi, supu na mayai. Mimi ningeandika Chai pale Tiffany, halafu nikae nikisubiri kutukanwa.

Kitabu hiki kifupi cha Truman Capote kilitoka mwaka 1958, na jina lake linaahidi mlo ambao haupo. Tiffany ni duka la vito New York. Holly Golightly hukimbilia pale hofu isiyo na jina inapomshika, kwa sababu ule utulivu wa duka humtuliza. Hali chochote humo. Anachosema ni kwamba siku akitajirika na kujulikana, angependa bado awe yeye yuleyule asubuhi atakayoamka na kwenda kunywa chai Tiffany.

Sentensi hiyo niliipita haraka nilipokisoma mara ya kwanza. Lawama naiweka kwenye filamu ya mwaka 1961. Audrey Hepburn, gauni jeusi, kitafunwa mkononi, amesimama mbele ya kioo cha duka alfajiri: ukishaiona picha ile, unaamini hadithi ni ya msichana anayetamani almasi. (Filamu hiyohiyo ina Mjapani aliyechezwa na Mickey Rooney kwa dhihaka ambayo leo inatia kichefuchefu, lakini hayo yaacheni.) Mwaka 2017 duka lenyewe likafungua mgahawa ndani. Sasa chai ipo kweli, inalipiwa.

Aliyenirudisha kwenye kitabu ni rafiki yangu. Amepata kazi Doha, na Jumamosi moja kabla ya safari akanipeleka kunywa chai kwenye hoteli kubwa mjini. Miaka yote sisi ni watu wa supu na chapati Kariakoo, viti vya plastiki, jasho. Siku hiyo alivaa vizuri. "Leo tunakula kama watu," akasema. Sitadanganya, chakula kilikuwa kizuri. Mayai yanakaangwa mbele yako unavyotaka, na kiyoyozi hakikumwonea mtu. Nachukia makala zinazodai chakula cha barabarani ndicho chenye roho.

Ila supu ilipofika, rafiki yangu aliionja, akamwita mhudumu. "Kaka, samahani, hamna ndimu na pilipili?" Kijana akacheka, akaenda kuleta. Rafiki yangu akakamua ndimu mpaka vidole vikalowa, akajilamba kidole, pale pale, na gauni lake.

Ndipo nikaielewa ile sentensi. Holly anaogopa kufika Tiffany akiwa mtu mwingine, na ana sababu: tayari ameshabadilika mara moja. Alizaliwa Lulamae Barnes, akaolewa Texas akiwa bado mtoto, akatoroka, akajipa jina jipya. Sasa huyo "mimi" anayetaka kumfikisha Tiffany ni yupi? Capote hajibu, na kwangu hapo ndipo kitabu kinapoishinda filamu, ambayo inamaliza kila kitu kwa busu kwenye mvua. Kitabuni Holly anapanda ndege kwenda Brazil. Msimulizi, ambaye hata jina lake hatupewi, anabaki akimtafuta paka wake.

Nilimsimulia rafiki yangu yote haya huku akimalizia supu. Alisikiliza kwa nusu sikio, nikadhani.

"Kwa hiyo alimwandikia?"

"Kadi moja. Kutoka Buenos Aires. Akaahidi kutuma anwani, hakutuma."

Akafuta mikono kwa kile kitambaa cheupe, akaomba bili.

"Mimi nitakutumia mbili," akasema.