Sanduku la Kufuli Tatu

Jumamosi alasiri, barazani kwenye nyumba moja ya Uru, mlimani Kilimanjaro, sanduku la bati linawekwa katikati ya duara la akina mama. Lina kufuli tatu, na funguo zake zimelala wiki nzima katika nyumba tatu tofauti. Kabla halijafunguliwa, katibu anauliza: "Jamani, wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Daftari bado limefunikwa. Wanachama wanajibu kwa pamoja, kutoka kichwani. Ndipo funguo zinapofunguliwa kutoka kwenye pindo za khanga.

Nausifu ufundi wa kuendesha kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, na naanza na swali hilo kwa sababu ndilo roho yake. Wengi hudhani kikundi hudumu kwa kuwa wanachama wanaaminiana. Nimekaa kwenye duara hilo vya kutosha kujua kwamba kuaminiana ni mavuno. Mbegu yake ni kuhesabu mbele ya watu.

Mtazame mhesabu fedha. Anapokea noti zilizokunjwa mara nne, zinazonuka moshi wa kuni na dagaa wa soko la Mbuyuni. Anainyoosha kila noti juu ya goti, anahesabu kwa sauti, kisha anampa mwenzake ahesabu upya, na hakuna anayeona amedharauliwa. Hisa zinagongwa muhuri kitabuni, moja hadi tano, ili hata bibi asiyejua kusoma aihesabu mali yake kwa kidole. Aliyechelewa analipa faini, awe mwenyekiti au mwanachama wa jana.

Mtindo huu wa hisa na mikopo ulianzia Niger mwaka 1991, katika vikundi vya akina mama vilivyosaidiwa na shirika la CARE. Ulipofika kwetu ukazaa VICOBA, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikavitambua vikundi vya aina hii katika daraja la nne. Ila huku mlimani ulikuta shamba limeshalimwa. Wazee walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, wakagawana maji kwa zamu, na aliyekwepa kazi ya kusafisha mfereji alitozwa. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, KNPA. Mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Maji, kahawa, sasa fedha: kila mara watu wa Kilimanjaro wameshikamana pale ambapo kila mmoja aliiona zamu yake na ya mwenzake.

Fundi hasa hujulikana siku mkopo unapokwama. Mwanachama amekuja mikono mitupu; mume yuko hospitali. Mwenyekiti mzuri hamfichi wala hamwaibishi. Anasema, "Dada, simama utueleze mwenyewe." Anaeleza. Mfuko wa jamii unatoa mkono wa pole, marejesho yanasogezwa mwezi mmoja, na yote mawili yanaandikwa na kusomwa kwa sauti. Huruma nayo inaingia kwenye hesabu, ndiyo maana haigeuki kuwa upendeleo.

Desemba, kabla wana wa mlimani hawajapanda kutoka Dar na Arusha kuja Krismasi, kikoba kinavunjwa. Kila mmoja anaondoka na chake: ada ya Januari, bati za jiko, mbuzi wa sikukuu. Sanduku linabaki tupu kabisa. Hata hivyo wanalifunga kufuli zote tatu, na funguo zinarudi kwenye nyumba zake tatu.