Mzungu Aliyeona Unyago

Sura ya pili ya riwaya yangu nimeichana. Sababu ni kitabu kimoja, na bado nakushauri ukisome.

Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, aliteremka Lindi mwaka 1906, moto wa Maji Maji haujapoa. Akapanda bara hadi Masasi na Newala, kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, na kamera zake na mashine ya kunasia sauti. Kitabu kikatoka 1908. Miye nimesoma tafsiri ya Kiingereza ya Alice Werner, ya 1909.

Sasa, bibi yangu hapa Mitwero, Mmakonde wa kutoka Newala, hajapata kunieleza habari za unyago. Nikiuliza ananikata: "We mwanamume, ya kungwi muachie kungwi." Kumbe Weule kayaandika! Ngoma za kina mama, wacheza vinyago, hata mchezaji aliyepanda miti mirefu, wote wamo. Nikanakili, nikajaza kurasa kumi na moja. Nilipomsomea bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na huyo mwari anaitwa nani?"

Hakuwa na jina. Mhusika wangu mkuu!

Nikarudi kwa Weule, nikaona ugonjwa nilikoutoa. Jicho lake ni kali, tusimdhulumu; mwanamke akifinyanga chungu, unamwona udongo mkononi. Lakini mwari wake ni mwari tu. Anacheza, anapigwa picha, basi. Anaogopa nini? Kamwacha nani nyumbani? Na sisi vijana tunaojiita waandishi tunafanya yaleyale: ngoma inalia, vumbi linatimka, vigelegele, hadithi imekwisha. Kadi ya posta hiyo.

Mmoja tu anamponyoka Weule, naye ni Pesa Mbili, mnyapara wa wapagazi. Huyu anachora, na michoro yake imechapwa mlemle kitabuni. Kila anapotokea naacha kupiga miayo. Mtu mwenye jina la sarafu, anashika penseli ya mgeni na kuonyesha anavyoona yeye! Riwaya ilikuwa pale, Weule akaipita akitafuta mila.

Sura yangu mpya inaanzia nje ya ua, wavulana tumekaa gizani tunasikiliza. Mwari ana jina, na kaka yake anamwita, hajibu. Ya ndani sikuyaandika. Bibi bado sijamsomea.