Pumzi Mbili kwa Injini Moja

Mashabiki waliojipanga kando ya barabara za vumbi za Kenya wakati wa Safari Rally ya 1986 waliona majibu mawili tofauti kwa swali moja. Toyota Celica ya Björn Waldegård, iliyoshinda, ilipata nguvu zake kwa tabo. Lancia 037 ya Markku Alén, iliyomaliza ya tatu, ilitumia supachaja. Jibu la tatu hawakuliona. Lancia walikuwa tayari na gari jingine, Delta S4, lililofunga vifaa vyote viwili kwenye injini moja, lakini safari ile waliliacha Ulaya wakaleta kongwe lao. Bado naona mashabiki wale walipunjwa.

Swali lenyewe ni rahisi. Injini huchoma mafuta kulingana na hewa iliyomo. Ukitaka nguvu zaidi bila kutanua silinda, shindilia hewa nyingi zaidi humo ndani. Kazi ni kujua nani atashindilia, na atalipwa nini.

Supachaja ni pampu inayozungushwa na krenki ya injini yenyewe. Zile za aina ya Roots, zilizopewa jina la ndugu wawili wa Indiana, Marekani, walioanza na mashine za kupuliza hewa katika karne ya 19, zina rota mbili zinazozunguka zikielekeana ndani ya kasha. Rota hizo hazigusani kamwe, wala hazigusi ukuta wa kasha. Gia mbili pembeni ndizo zinazozishika kwenye mwendo, na uwazi uliobaki kati yao haufiki hata milimita moja. Kwa kuwa pampu imefungamana na krenki, dereva akikanyaga mafuta inaitika papo hapo. Ubaya wake ni ulafi. Kadiri injini inavyokimbia ndivyo pampu inavyodai nguvu nyingi zaidi ya kujizungusha, na hewa inayotoka humo huwa imepata joto kali.

Tabo hula makombo. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliiombea hataza mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye silinda ukiwa bado na joto na kasi, badala ya kuachwa uende zake kwa ekzosi, unazungusha gurudumu dogo la mapanga. Gurudumu hilo limeshikana kwa shafti na jingine linalovuta hewa safi na kuisukuma kwenye injini. Shafti hiyo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ni nguvu ya kuokota, au karibu ya kuokota. Ila moshi ukiwa haba, tabo husinzia. Dereva wa mbio anapoingia kona kali huondoa mguu kwenye mafuta, moshi unapungua, mapanga yanapoa mwendo. Akikanyaga tena anasubiri. Halafu nguvu inamjia yote kwa mkupuo, pengine wakati gurudumu la mbele limeshaelekea kwenye korongo.

Katika kundi B, daraja la magari ya mbio lililotawala ulimwengu wa rally katikati ya miaka ya 1980, Audi na Peugeot walikubali kuishi na subira hiyo. Madereva wao walijifunza kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta, ili moshi usikatike. Abarth, karakana ya mbio ya Fiat kule Torino, hawakukubali. Mhandisi Claudio Lombardi na wenzake waliichorea Delta S4 injini ya silinda 4 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,759. Tarakimu hiyo si ya kubahatisha. Kanuni zilisema injini yenye kushindiliwa hewa ihesabiwe kwa kuzidisha ujazo wake mara 1.4. Zidisha 1,759 kwa 1.4 unapata 2,462.6, chini kidogo tu ya mpaka wa 2,500, na chini ya mpaka huo gari liliruhusiwa kuwa na uzito wa kilo 890. Nawaheshimu mafundi wanaosoma kanuni kwa makini namna hii. Kazi yao ilianza na kalamu kabla ya spana.

Sasa tufuate hewa. Inaingia kwanza kwenye tabo, inapita kwenye kipoza hewa, inafika kwenye supachaja, inapita kipoza cha pili, ndipo inaingia silinda. Kwa mizunguko ya chini tabo haina la kufanya, hivyo supachaja inabeba mzigo wote peke yake. Moshi ukianza kuongezeka, tabo inaamka, na hapo linatokea jambo tamu la hesabu: presha hazijumlishwi, zinazidishana. Tuseme tabo imeipandisha presha ya hewa hadi mara moja na nusu ya ile ya kawaida, kisha supachaja ikaichukua hiyo na kuipandisha mara moja na nusu tena. Unapata mara mbili na robo, na hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo kilichojitesa.

Mizunguko ikizidi kupanda, tabo inapata pumzi kamili na supachaja inageuka kizuizi. Ndipo inafunguka valvu ya kupitishia pembeni, na hewa ya tabo inakwenda moja kwa moja kwenye injini bila kubanwa na zile rota.

Ukiniuliza ufundi wenyewe uko wapi, nitakuonyesha valvu hiyo. Ni kipande kidogo ambacho mgeni asingekitazama mara mbili. Ikifunguka mapema, tabo ingali dhaifu, presha inaanguka na dereva anahisi gari limeishiwa ghafla katikati ya kona. Ikichelewa, supachaja inaiba nguvu na kuichemsha hewa ambayo ingepita ikiwa baridi. Kazi yake ni ya wakimbiaji wa kupokezana kijiti: wa kwanza haachii mpaka wa pili ameshika mwendo. Tofauti ni kwamba mwanariadha anakabidhi mara moja, na injini ya rally inakabidhi na kukabidhiwa kila kona, kutwa nzima, kwenye barafu na kokoto.

Walifaulu. Delta S4 ilijitokeza kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya dunia Novemba 1985, katika mbio za RAC nchini Uingereza. Henri Toivonen alishinda, Alén akawa wa pili. Januari 1986 Toivonen akashinda tena Monte Carlo. Injini isiyofika lita mbili ilikuwa ikitoa nguvu za farasi zinazokaribia 500, na ikizitoa kwa mfululizo, bila ule mkupuo.

Tarehe 2 Mei 1986, huko Corsica, Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto waliacha barabara, gari likaungua, wote wawili wakafa. Magari ya kundi B yakapigwa marufuku kwenye mashindano ya dunia kuanzia 1987. Siwezi kuisifu injini hii nikaruka habari hiyo. Wepesi na nguvu nilivyovisifu hapo juu vilikuwa sehemu ya hatari.

Wazo lenyewe halikufa. Nissan waliliweka kwenye kigari cha March chenye injini isiyofika hata lita moja. Mwaka 2005 Volkswagen wakalileta kwenye Golf ya lita 1.4 yenye nguvu za farasi 170. Humo supachaja ina klachi ya sumaku. Injini ikipita mizunguko 3,500 kwa dakika, umeme unakatwa, klachi inaachia, na pampu inasimama kabisa badala ya kuendelea kula bure. Hapo naona Wajerumani waliwapita Waitaliano kwa adabu. Pia waliifunika pampu kwa kasha la kuzuia sauti, ili mlio wake usimsumbue mwenye gari. Mimi ningeiacha wazi.

Volvo nao walitumia mpango huohuo kwenye injini zao za lita 2. Lakini mafundi wa tabo hawakulala. Mapanga yamekuwa mepesi, na siku hizi Mercedes-AMG wanaweka mota ndogo ya umeme kwenye shafti ya tabo yenyewe, inayoizungusha kabla moshi haujafika. Inafanya kazi ya supachaja bila rota, bila mkanda na bila valvu ya pembeni, na inaifanya vizuri zaidi. Kama ningekuwa nanunua gari, ningechagua hiyo. Kama ningekuwa na siku nzima ya kufungua injini mezani na kuelewa kila kipande kinamsubiri nani, ningeomba ile ya Torino.